Pete ya Mfalme wa Yeoville

Papa Pacifique alikuwa mkarimu, na ukarimu wake ulijulikana Yeoville nzima, mtaa wa Johannesburg, maana mwenyewe alihakikisha unajulikana. Fundi huyu wa cherehani kutoka Uvira hakuweza kumwona mtu analia dukani kwake asimpe kitu, hasa kama dukani pana wateja wengine wanaotazama. Vijana wa kwaya aliwapa nauli. Wageni waliofika juzi kutoka Kongo aliwapa godoro. Kwamba nauli ilitoka saluni kwa mkewe, na godoro lilikuwa limenunuliwa na mkewe, hayo hakuyataja.

Mkewe, Mama Angélique, alisuka nywele mlango wa pili na kunyamaza. Alinyamazia godoro, akanyamazia na mengine. Kisha Jumapili moja ya baridi akaingia kanisani, akaona kitenge cha marehemu mama yake kimevaliwa na mwanamke asiyemjua. Ndicho kitenge cha mwisho alichotumiwa na mama kabla hajafariki, naye alikuwa amekitunza kabatini bila kukikata. Yule mwanamke alikuwa amelia kwa fundi kwamba hana nguo ya harusi ya binti yake. Fundi akafungua kabati la nyumbani, akakata, akashona, na wateja wakampigia makofi.

Angélique hakufoka. Alifunga mizigo akaenda kukaa kwa dada yake, Turffontein. Pacifique akawaambia watu kwamba nguo ni nguo, atamnunulia nyingine, mama akipoa atarudi. Baridi ikaisha, mama hakurudi, na simu ya mumewe hapokei. Fundi akaishi kwa mkate na samaki wa kopo hadi akalazimika kupunguza viuno vya suruali zake mwenyewe. Pete yake ya ndoa, ambayo zamani haikutoka hata kwa sabuni, sasa ilizunguka kidoleni ipendavyo. Alimkumbuka mkewe sana, ila kumwomba msamaha kulimshinda. Alikuwa amezoea kutoa, na kuomba hakukujua.

Sasa, kule kanisani waumini wa mtaa wao husali pamoja katika shirika lao dogo, na kila shirika lina mtakatifu wake. La kwao lilichelewa siku ya kugawana majina, wakakuta Anuarite amekwisha chukuliwa, na Petro, na Yosefu. Likabaki jina la mfalme wa Kiingereza wa kale, Mtakatifu Edward Muungamadini. Wengine walinung'unika kwamba huyu hata Lubumbashi hapajui. Lakini Mama Hélène, mwenyekiti, hakukubali mtakatifu wake adharauliwe. Alisoma habari zake zote kwenye simu, akatangaza kwamba sikukuu yake, mwezi wa kumi, wangemchezea mchezo katika ukumbi wa parokia.

Ufalme alipewa Pacifique, kwa sababu alikuwa na cherehani na hakuna aliyethubutu kumnyima. Alijishonea joho la pazia jekundu, akalizungushia pamba ukingoni na kuidonadona kwa rangi ya viatu, eti manyoya ya kifalme. Taji akalifanya kwa karatasi ya fedha ile ya kufunikia kuku. Kwa majuma mawili wateja walipimwa nguo na mfalme.

Kwenye mazoezi aligombana na Mama Hélène kwa jambo moja tu. Mama alikuwa ameandika kwamba mfalme Edward, alipokosana na ukoo wa mkewe, alimpeleka malkia kwenye nyumba ya masista na kumnyang'anya mali yake yote, na mwaka uliofuata akamrudisha. Pacifique akasema hayo hayafai mbele ya watoto. Mama Hélène akajibu kwamba yeye hakuyatunga, na kama yanamwasha mtu, basi ajikune.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Mama Hélène akasimama pembeni na kipaza sauti, akaeleza kwamba mfalme huyu alijenga kanisa kubwa London, akazikwa humo, na hadi leo wafalme wao huvishwa taji mahali pale. Alipofika kwenye habari ya malkia kupelekwa kwa masista, mtu mmoja nyuma akakohoa, na kikohozi kikaiambukiza safu nzima. Pacifique akatazama dari kifalme.

Akaingia maskini, amejifunika blanketi. Alikuwa Pitchou, mlinzi wa duka moja huko Rosettenville, na pia mdogo wake Angélique. Akapiga magoti.

"Baba, unisaidie, juu ya Mtakatifu Yoane."

Masimulizi yanasema mfalme alimpenda mno Mtakatifu Yoane, na aliyeombwa kwa jina hilo hawezi kukataa. Siku moja mfalme aliombwa hivyo na maskini naye hana hela mkononi, ndipo akavua pete. Baadaye mahujaji wawili waliirudisha, wakasema yule maskini alikuwa Yoane mwenyewe. Kwa tendo hilo Mama Hélène alikuwa ameandaa pete ya pazia. Pacifique aliitazama ile pete ya pazia, akawatazama watu, akaona haimstahili mfalme. Akachomoa pete yake ya ndoa, ikatoka bila ubishi, akaiinua juu wote waione, akamtupia Pitchou. Makofi yalikuwa makubwa. Fundi akayapokea mkono kifuani.

Mahujaji wakaingia kuirudisha pete. Walikuja mikono mitupu. Mmoja akamnong'oneza Mama Hélène, naye akafikiri kidogo, kisha akasema kwenye kipaza sauti, bila kucheka:

"Mahujaji wanasema pete imepelekwa kwa malkia, kwa masista. Maskini amepanda teksi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Pacifique naye akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Moyoni alimwona Angélique mlangoni kwa dada yake, akipokea pete ya ndoa kutoka mkononi mwa ndugu yake, bila neno lolote. Mwanamke yeyote angeelewa nini? Angeelewa kwamba mume amemaliza. Fundi akampigia Pitchou, simu ikaita hadi ikachoka. Akatoka mbio na joho lake.

Alipanda teksi ya kwenda mjini, na nyingine ya Turffontein. Kila robot, yaani taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Abiria walimwamkia kama mfalme kwa Kizulu, na bibi mmoja akamwuliza harusi iko wapi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Pacifique alikuwa na watazamaji na hakuwataka. Pamba ilidondoka njia nzima.

Angélique alikuwa amesimama nyuma ya geti la chuma. Pitchou alikuwa ndani, ameshafika kwenye sahani ya fufu. Pete alikuwa ameivaa Angélique, kwenye kidole gumba.

"Pitchou anasema umenitumia hii," alisema. "Nikauliza, na maneno yake yako wapi? Akasema hakupewa maneno."

"Sikukutumia, Mama Parfait. Niliitoa kwa maskini," alisema fundi, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Tena umetoa." Akaigeuza pete kidoleni. "Na hii ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza."

Pacifique akaona amepata upenyo, akaharakisha kusema kwamba atamnunulia kitenge kingine, kizuri zaidi, hata viwili. Angélique akageuka kurudi ndani. Fundi akashika vyuma vya geti. Hakuwa na kitu cha kutoa, hata pete. Maneno pekee yaliyomjia ni yale aliyoyasikia akiwa juu ya kiti cha enzi. Akavua taji.

"Mama Parfait, unisaidie, juu ya Mtakatifu Yoane."

Angélique akasimama, lakini hakugeuka.

"Yoane hujamkosea kitu. Omba juu ya ile uliyofanya."

Dada mtu alikuwa dirishani, na majirani wa ng'ambo wametoka kutazama mtu mwenye joho. Pacifique hakuwaangalia.

"Kile kitenge kilikuwa cha mama yako," alisema. "Nilijua. Sikukuuliza, juu ningekuuliza ungekataa, na mimi nilitaka watu wapige makofi. Siwezi kukirudisha. Unisamehe."

Angélique alilia kidogo, akiwa amempa mgongo. Kisha akaja akafungua geti. Akamvuta mumewe mkono, akavua pete, akamvisha. Pete ikateleza, ikaanguka kwenye saruji na kubingirika hadi mlangoni. Wote wawili wakaitazama.

Aliiokota Angélique. Akaipangusa kwa kanga, akairudisha kwenye kidole gumba chake, akamtazama mfalme kuanzia pamba hadi viatu.

"Kula kwanza," alisema. "Pete haikae kwa mfupa."