Mshumaa Wangu, Mkono wa Amissi

Radi ilipiga juu ya mtaa wetu wa Yoba, nikajitupa chini ya meza pamoja na kuku. Nilikuwa mama wa watoto watatu, mtu mzima, lakini nilijua radi ile inanitafuta mimi, Godeliva, kwa jina.

Miezi minane kabla ya hapo nilikuwa nimepanga maua katika kanisa letu dogo la mtaani, nikaondoka nikiacha mshumaa unawaka karibu na pazia la altare. Kufika jioni, kanisa lilikuwa limeungua, paa lote liko chini. Na asubuhi ya siku hiyohiyo Amissi, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ametengeneza dirisha la kanisa. Watu wakasema ni cheche zake. Wengine wakasema Mwislamu huyu kakusudia. Walimpiga hadi mkono wa kulia ukavunjika.

Nilikuwepo, nimeziba mdomo kwa kitenge. Sikusema neno. Amissi na mkewe Kadidja wakahamia mji wa Muyinga.

Kila Jumapili, chini ya turubai, katekista alirudia: aliyechoma nyumba ya Mungu, ghadhabu itamfikia. Mwanangu alipougua malaria, nilikaa nikisikiliza pumzi zake, nikidhani ndiyo imefika.

Radi ilipopita nilikwenda parokia ya Mushasha kwa padri Audax, nikaungama.

"Hasira unayoiogopa, Yesu aliibeba msalabani," akasema. "Mungu amekusamehe. Lakini Amissi bado anabeba kosa lako, mwanangu."

Nilipanda basi hadi Muyinga. Nilimkuta nyuma ya soko, anachomelea mlango kwa mkono wa kushoto, Kadidja akimshikia chuma. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema yote.

Kadidja aliweka chuma chini, akaingia ndani bila kunitazama. Amissi akavua miwani yake myeusi.

"Mi nilishasamehe zamani," akasema. "Lakini nilisamehe mutu sijue ni nani. Sasa iko na sura. Ni nguvu, ni ngumu sana kusamehe, mama."

"Nifanye nini?"

"Rudi, useme mbele ya wale walinipiga. Mi nitakuja kusikia."

Hapo niliogopa kuliko siku ya radi.

Jumapili, ibada ilipoanza, nilisimama mbele ya watu walewale waliompiga. Nilianza mara tatu. Mshumaa ulikuwa wangu, nikasema. Amissi hakuchoma kitu. Mtu mmoja akatema mate chini. Niliporudi kwenye benchi langu, majirani walisogea mbali nami, mmoja baada ya mwingine, hadi nikabaki peke yangu.

Amissi alikuwa mlangoni, barakashia kichwani. Akapita kati ya mabenchi, watu wote wakimtazama, akaja kuketi kando yangu, mkono wake uliopinda juu ya goti.

Hakunisalimia. Lakini alikaa mpaka ibada ikaisha.