Nusu Saa ya Malalamiko

Mama Saa alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima, bali ule unaohamia mwilini na virago vyake vyote. Wiki nzima alishona sare za shule. Jumamosi, wenzake wakijinyoosha, yeye alikuwa mtunza muda wa klabu ya mashindano ya magari.

Kazi yenyewe ilikuwa transponda arobaini, vidude vya plastiki vya kuenea kiganjani, kila kimoja kikifungwa kwa pini ubavuni mwa gari. Gari likivuka mstari, kidude hutoa ishara na kompyuta huandika muda. Lakini kina madeko kama mtoto wa mwisho: kinataka chaji ya saa kumi na sita, vyuma vyake vifutwe kwa spiriti, na kitaa chake kitazamwe kila mara. Kijani ni mzima, chekundu yu karibu kuzimika.

Madereva wale hawakukimbizana wao kwa wao. Kila mmoja alishindana na saa, na mwenye raundi ya haraka kuliko zote ndiye mshindi. Kwa hiyo mshindi hakuonekana kwa macho. Alijulikana kwenye karatasi ya Mama Saa.

Kabla ya kundi la mwisho, vitaa viwili viligeuka vyekundu: cha gari la mdogo wake, ambaye ni fundi majokofu, na cha gari la daktari wa meno. Akachomoa vidude vingine viwili kwenye kichaji, akaviingiza kwenye kompyuta, namba nane kwa mdogo wake na namba kumi na nane kwa daktari, akakimbia kuvifunga. Haraka haraka haina baraka, lakini mwambie hivyo mtu ambaye magari yananguruma yakimsubiri yeye.

Karatasi ilipobandikwa ukutani, mdogo wake alikuwa wa kwanza. Misimu kumi na mmoja hakuwahi kufika hata wa tatu, na hii ilikuwa mara yake ya mwisho, maana daktari wa macho alikataa kumsainia tena leseni. Watu wakampongeza, akacheka kidogo, akaenda kukaa juu ya tairi. Mama Saa alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akaanza kukusanya transponda. Alipochomoa pini kwenye gari la mdogo wake, akageuza kidude, na namba iliyochongwa chini ilikuwa kumi na nane. Kile kibandiko cha juu alikuwa amekisugua mwenyewe kwa spiriti, ile tarakimu ya moja ikafutika, vidude vyote viwili vikabaki vinasomeka nane. Raundi ile ilikuwa ya daktari wa meno.

Akaketi chini. Kwa sheria yao, karatasi hukaa ukutani nusu saa kwa ajili ya malalamiko, halafu hupigwa muhuri na mambo yanaisha. Zilibaki dakika kumi na mbili, na hakuna aliyelalamika. Daktari wa meno alikuwa na makombe ya kugawia mtaa mzima. Kukosa moja kusingemnyima usingizi. Mama Saa angeweza kurudisha kidude kwenye kichaji, akanyamaza, akaenda zake kulala. Alitamani sana. Lakini angekula vipi na mdogo wake meza moja, kombe hilo likiwatazama?

Akamwendea.

“Nilikosea kufunga,” akasema. “Muda ule si wako.”

Mdogo wake hakushtuka. “Najua, dada. Raundi zote niliteleza kwenye kona ya mwisho. Nilijua tangu ulipobandika karatasi.”

“Mbona ukanyamaza?”

“Ningelalamika mimi, wangekutoa kwenye kazi hii. Ukirekebisha mwenyewe kabla ya muhuri, ni marekebisho tu.”

“Na kama nisingekuja?”

Akasugua macho yake. “Ningechukua kombe. Usinione malaika.”

Wakaenda pamoja kwenye kompyuta. Mama Saa akabadilisha namba mbili, na mdogo wake akashuka hadi wa tisa. Dada akachapisha karatasi mpya, lakini mbele ya ile ya zamani mikono ikamgomea kuibandua.

Mdogo wake ndiye aliyeibandua, polepole, pembe baada ya pembe, isichanike. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

“Hii usiniombe,” akasema. Kisha akampokea ile mpya, akaibandika.