Dirisha Lililokuwa Likijifunga

Kila asubuhi Sanelma alimfuta Taisto, baba yake, macho kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kisha akamsogezea kompyuta. Macho ndiyo yaliyobaki. Ugonjwa ulikuwa umechukua mikono iliyoendesha malori ya magogo kote mkoani Kainuu, ukachukua na ulimi. Taisto alitazama herufi moja moja, na kompyuta ikasoma alichoandika. Programu hiyo Sanelma aliitengeneza mwenyewe.

"Kahawa," kompyuta ilisema, kama kila siku. Birika lilikuwa bado mkononi mwa Sanelma wakati Hilkka, muuguzi wa manispaa, alipoingia na theluji viatuni, akaketi bila kuvua koti. Daktari alitaka jibu leo. Kifua kilikuwa kinachoka. Je, Taisto atobolewe koo awekewe mashine ya kupumulia, au aachwe?

Taisto alitazama herufi moja. Dirisha la programu likatoweka.

Wiki iliyopita pia lilitoweka, kwa swali hilohilo.

"Programu yako ina adabu za kwetu," Hilkka alisema. "Ikiulizwa jambo zito, inatoka nje kupasua kuni."

Sanelma hakucheka. Hilkka aliahidi kurudi alasiri.

Huenda programu ilikuwa inakufa yenyewe. Au jicho lililochoka liliteleza hadi pembeni juu, likatua kwenye alama ya kufungia. Kwa anayetazama, yote mawili ni sawa: dirisha halipo. Basi Sanelma akaweka mtego. Programu ikiamriwa kujifunga, iulize kwanza. Ikifa kwa kosa lake, swali halitatokea. Alijaribu kwa macho yake mwenyewe, akarekebisha, akajaribu tena. Baba alitazama misonobari dirishani, iliyoinama kwa theluji.

Kisha Sanelma akaketi karibu naye. Swali lile hakuwahi kumwuliza yeye mwenyewe. Siku zote alimwachia Hilkka.

"Baba. Mashine ya kupumulia, unaitaka?"

Macho ya Taisto yalifika kwenye herufi, yakasita. Halafu yakapanda taratibu, yakavuka skrini nzima hadi pembeni, yakatulia. Hayakuwa yameteleza.

*Nifunge?* programu iliuliza.

Macho yalikwenda kwenye *Ndiyo*. Sanelma alikuwa mwepesi zaidi. Kwa kipanya akabonyeza *Hapana*, na dirisha likabaki.

"Umekuwa ukilifunga mwenyewe," alisema polepole. "Na mimi nahangaika kutafuta kosa."

Baba alimtazama. Kahawa ilikuwa imepoa mezani. Nje, gari la Hilkka liliingia uani, injini ikazimwa. Sanelma hakugusa kitu tena. Macho yalirudi kwenye herufi, yakaokota moja, nyingine, nyingine, yakapumzika, yakaendelea.

Sauti ya kompyuta haikuwa na huzuni wala furaha; Sanelma ndiye aliyeichagua.

"Sitaki. Nilikuonea huruma wewe, mwanangu."