Kibali cha Mbula Asiye na Pembe

Haikumwingia akilini Marcelo kwamba mbwa aliye hai, amesimama wima, anatikisa mkia mbele za watu, bado anahitaji karatasi ya kuthibitisha kuwa ni mzima. Lakini ndivyo alivyoandika binti yake Jenifer kutoka Kisumu, alikoolewa. Baba, njoo uishi nasi, na mbwa mlete, ila bila cheti cha afya watamchukua mpakani.

Majirani wa Kiloleli walimwambia amwache, na walicheka wakisema hivyo. Mbwa kwao ni mlinzi wa zizi, si mtu wa kupandishwa basi. Lakini Mbula alikuwa wa Nyanjige, mkewe. Nyanjige ndiye aliyempa jina hilo, yaani mvua kwa lugha yao, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua, na mwaka uliopita, alipokuwa anakata roho, neno lake la mwisho kueleweka lilikuwa, "Huyu usimwache." Marcelo akaahidi. Watu walikuja, wakazika, wakala, wakaondoka. Tangu siku ile, aliyekaa na Marcelo jioni ni Mbula peke yake.

Basi akaenda nayo Bariadi hiyo ahadi yake, na mbwa kwenye kamba, hadi kwa bwana mifugo mmoja aitwaye Anatoli.

"Mwangaluka, baba," Anatoli alisema.

"Mwangaluka. Nataka cheti cha mbwa."

Anatoli akamtazama Mbula, akamtazama Marcelo, kisha akaanza kueleza habari za soko huria. Huduma za bure zilikwisha, mzee. Sindano ya kichaa cha mbwa utainunua duka la dawa pale ng'ambo ya barabara. Kuichoma kuna malipo yake, kumkagua kuna malipo yake, na fomu ya cheti, yaani kibali cha kusafiri, nayo inalipiwa. Marcelo alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika hadi wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao, kwa hiyo hilo neno soko huria alishalisikia likimtoa kazini. Sasa lilikuwa limemfuata mpaka kwa mbwa. Alilipa huku akisonya.

"Bado muhuri wa josho," Anatoli alisema.

"Josho la nini?"

"Mnyama havuki wilaya bila kuogeshwa. Kibali kinadai muhuri wa josho."

"Ng'ombe ndiye anayeogeshwa, mwanangu."

"Kibali hakichagui, baba."

Ikabidi amburute Mbula hadi joshoni. Kasmiri, mwenye kulisimamia, alikuwa ameshalikodi na sasa alitoza kila kichwa. Alimhesabia Mbula kichwa kizima. Mbula akatupwa kwenye dawa katikati ya mitamba ya watu, akaogelea masikio yakiwa yamelala kichwani, akatokea upande wa pili ananuka vibaya na kumtazama Marcelo kama aliyesalitiwa. Wachungaji walicheka hadi wakakaa chini. Marcelo alitamani awachape wote, akianza na Anatoli.

Aliporudi ofisini, Anatoli alitoa kitabu cha vibali. Kilichapishwa kwa ajili ya ng'ombe wa mnadani, na kingine hakikuwapo. Akaandika kwa mwandiko mzuri: ng'ombe mmoja, jike, mwekundu, asiye na pembe.

"Futa hapo, uandike mbwa," Marcelo alisema.

"Kibali kilichofutwa ni batili. Nenda tu, wa mpakani wataelewa."

Njia nzima Marcelo hakula. Basi lilipita Lamadi, likazidi kwenda, na yeye akiwaza la kusema. Wakimnyang'anya Mbula, atakuwa amemdanganya marehemu. Waliposhuka mpakani alikishika kile kibali kwa mikono miwili kisipeperuke, na kamba ikamponyoka. Mbula, aliyekuwa hajala vilevile, alisikia harufu ya nyama choma kutoka upande wa Kenya. Akapita chini ya kizuizi bila kumwuliza mtu, akaenda akakaa ng'ambo, akageuka kumngoja.

Mkaguzi, mtu mzima mwenye fimbo ya kuchungia kando ya meza yake, alisoma kibali mara mbili.

"Ng'ombe yuko wapi?"

Marcelo akafungua mdomo. Akisema ng'ombe ni yule mbwa, Mbula ataitwa arudi, na karatasi yake hana. Akatazama chini.

"Alikufa," alisema.

Mkaguzi aliweka kalamu. Akasimama, akampa mkono, akaushika muda mrefu.

"Pole sana, mzee wangu. Alikuwa mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Ulikuwa naye miaka mingi?"

"Mingi," Marcelo alisema, na hapo machozi yakamtoka, yeye ambaye hakulia msibani. Watu wa kwenye foleni wakaacha kusukumana. Mama mmoja akampa leso yake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza maswali hayo alipomzika Nyanjige, na ilimuuma kwamba yameulizwa leo, kwa ajili ya ng'ombe ambaye hakuwahi kuwapo.

Mkaguzi mwenyewe alimsindikiza hadi kwenye kizuizi akimbebea begi. Akamwona Mbula ng'ambo, amenyoosha shingo, mkia unapiga vumbi.

"Yule mbwa kakaa pale muda, naona hana mwenyewe," alisema. "Anakutazama wewe tu. Mchukue, mzee, akuliwaze. Wala hulipii chochote."