Chai ya Saa Nne

Mtu akinichukulia kuni nitapiga kelele kidogo, halafu nitakwenda kutafuta nyingine. Akinichukulia jembe, nitalifuata kwake na kulirudisha. Lakini mwaka wa 1983 walinivua filimbi mbele ya wanawake arobaini, na hasira niliyoipata siku hiyo ningeweza kuchemshia maharagwe.

Filimbi yenyewe haikuwa na maajabu, ilikuwa ya bati kama ya refarii. Ila aliyeivaa shingoni ndiye aliyeongoza nyimbo za mwethya. Mwethya ni sisi wanawake wa kijiji tunapokusanyika kuchimba pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwaka huo tulikuwa tunachimba silanga, bwawa letu la udongo, kule bondeni nyuma ya Emali, ili mvua ya Novemba ikija tuikamate. Tulitaka ukuta uwe umefungwa kabla ya Oktoba kwisha.

Kazi kama hiyo bila wimbo haiendi, na wimbo ulikuwa wangu kwa miaka sita. Wito wangu ulikuwa neno moja tu, manzi, ndiyo maji kwa Kikamba. Niliivuta ile "maaa" juu kabisa, majembe yakawa yanapanda na kushuka, na hakuna aliyeruhusiwa kupumzika mpaka nimalizie "nzi", hapo wote wanajibu kwa pamoja. Majembe kumi na mawili, ndivyo tulivyohesabu mapigo, kwa pumzi moja! Mume wangu Kilonzo alisema ananisikia akiwa stesheni ya reli. Najua alikuwa ananipaka mafuta, na mimi nilipakika.

Mwezi wa Julai nikaanza kupungua. Kumi, halafu nane, halafu sita. Nikipanda kutoka bondeni moyo unanidunda mpaka masikioni. Nikiinama naona vimulimuli mchana kweupe. Jumanne moja nikavuta "maaa", majembe yakapiga mara nne, na pumzi ikakatika hapohapo. Nikabaki nimeachama mdomo, "nzi" haitoki.

"Ameimeza nzi yake!" mmoja akasema kwa Kiswahili, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Mwenyekiti wetu, Ndululu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, akanivua filimbi na kumvisha Mbula. "Si kwa ubaya, Mama Kiilu," akaniambia. "Kazi inachelewa. Siku ya kufunga ukuta mtaita nyinyi wawili. Mwenye majembe mengi ataivaa moja kwa moja."

Angepewa mtu mwingine yeyote ningekula chakula changu nikalala. Lakini Mbula ni wifi yangu, dada yake Kilonzo, ameolewa boma la pili, na tangu nilipoingia ukoo huo ni kama tunashindana hata kukohoa. Alipoipuliza ile filimbi mara ya kwanza aliniangalia mimi. Nikaapa nitairudisha.

Kesho yake nikaenda zahanati. Nesi pale alikuwa Sista Wamucii, mama wa Nyeri aliyehamia kwetu na mumewe, na Kikamba chake kilitufurahisha sana. Alinifunua kope, akaguna. Akanitoboa kidole, akadondoshea tone kwenye kikaratasi cheupe, akalilinganisha na kadi yenye rangi nyekundu za kila namna, kutoka iliyokolea mpaka iliyofifia. Tone langu lilikuwa karibu na zile za mwisho.

"Asilimia hamsini," akasema. "Mama Kiilu, unatembea na nusu ya damu."

"Hiyo nusu nyingine imeenda wapi?"

"Umezaa watoto watano. Na kila mwezi unasema unamwaga siku nane. Na hizo mawe za udongo za kutafuna, za sokoni, unakula? Mtu akikosa damu anazitamani."

"Mimi? Mawe?" Nikaapa kwamba sijawahi, na kipande kimoja kilikuwa mfukoni mwangu wakati huohuo.

Nikamwomba sindano. Sisi wote huomba sindano, kwa sababu dawa ambayo haikuumizi unaishuku. Akakataa, akasema damu yangu inahitaji chuma, na chuma inaingia vizuri kwa mdomo. Akanipa pakiti ya vidonge vya kijani, nimeze mara mbili kwa siku. Nikavitazama. Kijani! Damu ni nyekundu, mtoto mdogo anajua hivyo. Nikampitia Irungu, mwenye duka pale Emali, nikanunua chupa ya dawa nyekundu yenye picha ya mwanamume anayebeba ng'ombe, na nikarudi nayo kwa Sista nikiwa nimevimba kichwa.

Akasoma maandishi ya chupa, akacheka mpaka akakaa chini. "Chuma iliyo kwa hii chupa yote haifiki ya vidonge vya siku mbili. Umelipia sukari na rangi. Chagua basi: unataka uzuri, ama unataka pumzi?"

Nilitaka filimbi. Nikachagua vidonge. Akanionya niviweke juu watoto wasikofika, maana kwa mtoto mdogo ni sumu, na akaniambia choo kitakuwa cheusi nisishtuke. Nilishtuka hata hivyo! Asubuhi ya tatu nilitoka chooni nikamwambia Kilonzo atafute shati langu la kuzikwa, na kwa kuwa mimi sivai shati, akajua nimechanganyikiwa. Lakini sikuacha. Mwezi mzima nilimeza asubuhi na jioni, tumbo likininguruma, na kila kidonge nikakisindikiza kwa heshima zote.

Mwezi ulipokwisha nikarudi nikiwa nimeoga na kuvaa kitambaa cha kanisani. Kidole, karatasi, kadi. Hamsini.

Nililia. Sitaficha, nililia pale kwenye benchi mbele ya watu wenye malaria.

Sista akaniketisha. "Unameza kweli?"

"Kila siku!"

"Na nini?"

"Na chai, Sista, kwani na nini? Na hata maziwa nilipunguza, chai ikawa nyeusi, nyeusi kabisa, ili dawa isichafuke."

Akashika kichwa. "Ngai! Mama, hiyo chuma yote umekuwa ukilisha chai! Majani ya chai yanaikamata tumboni, inatoka vile iliingia. Na ukaikoleza tena!" Akanieleza polepole: kidonge na chungwa, siyo chai, maana chungwa linasaidia chuma kuingia. Chai nisiiguse saa moja kabla na saa mbili baada.

Nilitoka pale nikiruka. Ugonjwa wangu ulikuwa kikombe tu! Machungwa kwetu yamejaa sokoni, na nilibakiwa na wiki kumi. Nikajaribu kumeza alfajiri tumbo likiwa tupu, nikatapika, kwa hiyo nikahamishia saa tatu, baada ya uji wa asubuhi kutulia. Na hapo ndipo sikupiga hesabu vizuri. Saa nne kamili mwethya hunywa chai.

Sisi ni watu wa kanisa. Pombe hatunywi, sigara hatuvuti, densi tuliacha. Chai ndiyo tumeachiwa. Chai ya saa nne inakuja kwenye debe, imepikwa na mmoja wetu kwa zamu, na unapokea kwa mikono miwili. Na kwetu, mtu akikataa chai ya mwenzake bila sababu, anasema neno ambalo hatulisemi kwa mdomo. Anasema anaogopa kilichomo.

Kwa nini sikuwaambia? Kwa sababu ya kiburi. Mwenye nusu ya damu, nani atamrudishia filimbi? Na zile siku nane zangu za kila mwezi, niziseme mbele ya wanawake arobaini? Nikaamua kumeza kimyakimya nyuma ya kichaka.

Silanga tulichimba Jumanne tu, na zamu ya Mbula kupika iliangukia Jumanne tatu mfululizo. Ya kwanza nikamwambia sina kiu. Ya pili nikasema tumbo. Ya tatu akanijia mwenyewe, filimbi shingoni, kikombe mkononi, na watu wote wakitazama.

"Mama Kiilu, chukua chai."

"Leo acha tu, wifi."

Hakuondoka. "Kwa Mama Musyoka unakunywa jioni. Kwa Ndululu ulikunywa jana jioni. Kikombe yangu imekukosea nini?"

Nikaona macho ya wanawake yakinitoka mimi na kwenda kwake, yakimwangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Mmoja aliyekuwa ameshaonja akakiweka kikombe chake chini, taratibu, mbali na mguu wake.

Mbula alikiona kile kikombe kikiwekwa. Uso wake ukasawijika. Akainua chai yangu, ikiwa moto vile, akainywa yote mbele yetu bila kupumua, machozi yakimtoka kwa moto na kwa mengine. Akakipindua kikombe kuonyesha kimeisha. "Mumeona?" akasema. "Mumeona nimekunywa?"

Nawaambia ukweli, kuna kitu kidogo kibaya ndani yangu kilichofurahi. Ningenyamaza tu, filimbi ingerudi siku hiyohiyo, kwa maana nani angeimba nyuma ya mwanamke aliyeingiwa na neno hilo? Lingemfuata hadi kwa wajukuu. Kile kitu kidogo kilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho, halafu nikakionea aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikafungua fundo la leso yangu. Pakiti ya vidonge, nusu chungwa, na vipande viwili vya mawe vikaanguka mavumbini.

"Sina damu!" nikapaza sauti. "Nina nusu! Hizi ni dawa ya chuma, na chai inaziua, hata chai ya malaika! Nilimeza saa tatu. Sikutaka mujue. Mbula hana neno na mimi, mimi ndiye mjinga, na hayo mawe ni yangu pia!"

Halafu mmoja akacheka, halafu wote, kile kicheko cha kupumua. Aliyeweka kikombe chini akakiokota akanywa haraka. Mbula peke yake hakucheka.

"Nusu?" akaniuliza. "Umekuwa ukichimba na mimi tangu Julai na nusu ya damu?"

"Ndiyo."

"Na unamezea kwa kichaka, kama mwizi wa kuku."

"Ndiyo, wifi."

Akayaokota yale mawe. Nilidhani atanitupia. Akayatazama, akayageuza. "Hata mimi nayapenda haya," akasema kwa sauti ndogo, na nyuma yake wanawake sita wakaanza kukohoa na kutazama pembeni.

Kuanzia siku hiyo sikupumzishwa! Saa tatu ikifika Mbula anapuliza filimbi, na mstari mzima unaitikia, "Kidonge!" Nameza, namenya chungwa langu, hakuna wa kunikaribia na kikombe. Ndululu akasogeza chai yetu hadi saa sita ili nisikose peke yangu, na walionung'unika aliwanyamazisha kwa jicho. Wiki iliyofuata Mbula na wale wakohozi sita walishuka zahanati wakapanga foleni, na Sista Wamucii akamaliza karatasi zake. Mbula alikuwa na sitini. Akanijia na pakiti yake ya kijani akiwa amenuna. "Hata kwa ugonjwa umenitangulia," akasema.

Katikati ya Oktoba tone langu lilifika sabini na tano. Sikuhitaji kadi kuniambia. Nilikuwa napanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani huku nikigombana na mtu, na ugomvi haukatiki! Mawe yenyewe sikuyataka tena, yalininukia kama ukuta.

Siku ya kufunga ukuta mawingu yalikuwa yameshajipanga upande wa Kilungu. Pengo lililobaki lilikuwa la hatua kumi. Ndululu akachukua filimbi akaishika mkononi mwake. "Mbula kwanza."

Mbula akavuta. Wanawake wakahesabu kwa majembe, na alikwenda, alikwenda, mpaka kumi na moja. Sijawahi kumsikia akifika hapo. Wakampigia vigelegele, na hata mimi nilipiga, vya kweli.

Nikasimama juu ya ukuta. Nikajaza kifua. "Maaa!" Majembe yakashuka. Manne, mahali nilipokwama Julai, nikapita. Manane. Kumi na mawili, mwisho wangu wa zamani, na bado nilikuwa na pumzi chini kabisa, na udongo ulikuwa unamwagika pengoni, na mtu alikuwa anapiga kelele "Ongeza! Ongeza!" na aliyekuwa akipiga kelele hiyo alikuwa Mbula. Kumi na manne. Kumi na matano!

"Nzi!"

Bonde zima likajibu. Wakanivisha filimbi, wakanikumbatia na udongo wao, nikapuliza kama mwendawazimu mpaka pengo likazibwa na ukuta ukasimama.

Ilipofika saa sita debe la chai likaja. Ilikuwa zamu ya Mbula. Akamimina kikombe cha kwanza, akavuka watu wote, akasimama mbele yangu.

"Kidonge ulimeza saa tatu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili. "Nilipuliza mwenyewe. Saa tatu zimepita."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikanywa bila kukitoa mdomoni, mpaka kwenye sukari ya chini ambayo haikuyeyuka, na nikakipindua kikombe juu chini wote waone.

"Wifi," nikamwambia, "niongezee."