Siku Divakaran Alipodondosha Sauti ya Mama

Divakaran mwenyewe hakatai. Ukimkuta kibandani kwa Lonappan muuza chai ukamuuliza habari za ile simu, ataweka glasi chini, atafuta masharubu, atasema, "Siku ile mpumbavu alikuwa mmoja tu kijiji kizima, na alikuwa juu ya baiskeli yangu." Kisha atakusimulia. Ila akisimulia yeye huruka sehemu mbili tatu, kwa hiyo afadhali uisikie hapa.

Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana, jua limesimama wima na hakuna jani linalotikisika. Divakaran alikuwa akirudi nyumbani kutoka kinuni alikopeleka mbata zake kukamuliwa. Dumu la mafuta ya nazi lilining'inia kwenye usukani, kila gurudumu likizunguka nalo linalia kwi, kwi, kwi. Mtu huyu aliendesha malori ya maji jangwani Omani miaka ishirini na miwili, akazama mchangani mara tatu, akapinduka mara moja, na hakuwahi kupoteza hata spana. Amerudi kwao Kerala, kwenye njia ya kilomita mbili aliyozaliwa nayo, ndipo akapoteza simu.

Na simu yenyewe, kusema kweli, ukiikuta jalalani ungeiruka. Kioo kimepasuka kama utando wa buibui na kitufe cha pembeni kimefungwa kwa plasta. Thamani yake ilikuwa kwenye mlio. Mama yake, Kalyani, alipokuwa na miaka themanini na minne, alifundishwa kutuma ujumbe wa sauti, na kwa kuwa hakuamini kwamba kidude kile kinasikia, alikipigia kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mashamba ya mpunga: "Divakara! We Divakara! Hiyo simu umeibeba ya nini kama hupokei? Umekula?" Hakutuma mwingine. Miezi mitatu baadaye aliaga dunia, na Divakaran akaufanya ule ujumbe kuwa mlio wa simu. Kila akipigiwa, mama anamgombeza kwanza, ndipo anasema halo. Ujumbe haukuwa popote pengine duniani.

Ungeweza kuwapo pengine. Kaka yake mkubwa, Achuthan, aliuomba. Alimtuma Omana, mke wa Divakaran: "Shemeji, mwambie anirushie na mimi ile sauti." Divakaran akajibu, "Aje aombe mwenyewe, miguu anayo." Achuthan hakwenda. Omana naye akasema yeye haingii kati ya mabeberu wawili wenye mvi wanaogongana.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye mfenesi. Mama aliupanda mpakani mwa viwanja vyao, na wiki moja tu baada ya moto wa mazishi kuzimika, Achuthan alikata tawi lililolalia paa la jiko lake, likiwa na mafenesi manne, bila kumuuliza mtu. Divakaran alikwenda moja kwa moja kwa Lonappan, akapanda juu ya benchi, akala yamini mbele ya watu: "Kuanzia leo, Achuthan simshushii msuli!"

Watu waliweka glasi chini, maana hilo si neno dogo. Mwanamume akiwa kazini au njiani hukunja msuli wake, ile shuka anayojifunga kiunoni, na kuupandisha juu ya magoti, miguu ipate hewa. Lakini akikutana na baba, mwalimu au kaka mkubwa, huachia pindo lishuke mpaka vifundoni. Kumpita kaka yako magoti yakiwa nje ni kumtukana bila kufungua mdomo.

Basi shujaa huyu, baada ya kiapo kile, alifanya nini? Kwa miezi kumi na mitatu alizunguka njia ya bwawani, kilomita nzima zaidi, asije akakutana na mzee wa miaka sitini na sita mwenye goti bovu.

Jumatano ile njia ya bwawani ilikuwa imechimbwa mtaro wa mabomba ya maji. Divakaran akakata shauri kupita njia fupi, mbele ya lango la kaka yake. Alijiambia, saa saba hii mzee amelala. Pale langoni pana kilima kidogo, na kwa dumu la mafuta hukipandi ukiwa umekaa, kwa hiyo alishuka akawa anaisukuma. Hatua tatu kabla ya lango, Achuthan akatokeza, kisu mkononi, fungu la njukuti kwapani, anatengeneza fagio.

Macho yakakutana.

Divakaran anaapa mpaka leo kwamba alikuwa amejiandaa. Kichwa kilikuwa juu, kidevu kimekaza. Lakini mkono wa kulia haukumuuliza mtu ruhusa. Ulitoka kwenye usukani, ukashika pindo, ukaliachia. Msuli ukashuka, pwaa, mpaka vifundoni.

"Hm," alisema Achuthan.

Divakaran akasukuma baiskeli kama mtu aliyechokoza nyuki. Masikio yalimchemka. Alipopita kona akakunja tena msuli, akapanda, na njia nzima iliyobaki akawa anajizoeza uso wa mtu ambaye hakumwona yeyote.

Alipofika uani akapapasa kiunoni. Huko ndiko alikokuwa amechomeka simu, kwenye mkunjo wa msuli, ingawa Omana alikuwa amemwambia mara mia aiweke mfuko wa shati. Akapapasa mbele. Akapapasa nyuma. Akajizungusha kama mbwa anayetafuta mkia.

"Nini?" aliuliza Omana kutoka jikoni.

"Hakuna."

"Hakuna gani, mbona unajitekenya?"

"Simu."

Omana akatoka, mikono ina unga wa mchele. Hakumgombeza, na hilo lilimtisha Divakaran kuliko kugombezwa. "Yenye mama," alisema polepole.

"Yenye mama."

"Umepita wapi?"

Hapa ndipo upumbavu wenyewe ulipoanza, maana mpaka sasa ilikuwa ajali tu. "Bwawani," alisema Divakaran. "Kama kawaida."

Wakaenda bwawani. Walipopita kwa Lonappan, Lonappan akafunga jiko lake la chai akafuatana nao, na wateja wake wawili nyuma yake, maana mchana ulikuwa mrefu. Kila hatua hamsini Omana alisimama akapiga ile namba kwa simu yake, na wote wakakaa kimya, shingo zimenyooka, wakisikiliza majani.

"Inaita," alisema Omana. "Inaita mpaka inakatika. Hakuna anayepokea."

"Jamani, mama Kalyani huyu," alisema Lonappan, "alipokuwa hai akimwita Divakaran, sisi wa ng'ambo ya mto tulikuwa tunaitika. Leo amekuwa mpole?"

"Usimtanie marehemu," alisema Divakaran.

"Simtanii yeye, bwana. Yeye hajapotea. Wewe ndiye umempoteza mara ya pili."

Maneno yale yalimwingia Divakaran mahali pabaya. Akatazama upande mwingine. Alikuwa anajua, wakati wote anajua, kwamba kila hatua wanayokwenda ni hatua ya kuiacha simu nyuma. Betri ilikuwa nusu asubuhi. Mtu yeyote angeweza kupita langoni kwa Achuthan akaiokota, akaifuta, akaweka wimbo wa sinema. Alisema moyoni, nikifika kwenye ule mti nitawaambia. Mti ukafika. Akasema, basi kwenye ule mnazi. Mnazi nao ukapita.

Wakafika kwenye mtaro. Ulikata njia nzima kutoka ukingo hadi ukingo, una maji ya matope chini, na upana wake mbuzi asingeuruka.

"Labda imeingia humu," alisema Lonappan, mtu mwema, na kabla hajazuiwa amekwishavua kandambili akateremka. Tope likampanda magotini. Akainama, akawa anapapasa kama mtu anayekamata kambale. "Piga, dada Omana! Piga nisikie!"

Omana hakupiga. Alikuwa anautazama mtaro. Akatazama upande wa huku, akatazama upande wa kule. Kisha akamtazama mumewe.

"Baba Sreeja."

"Naam."

"Huu mtaro umechimbwa lini?"

"Nadhani... juzi."

"Na wewe umepita hapa saa ngapi?"

Divakaran akakohoa.

"Na baiskeli," alisema Omana, "na dumu la mafuta. Uliruka, au ulimwomba mungu akubebe?"

Wale wateja wawili wakageuza nyuso. Kutoka chini, kichwa cha Lonappan kikajitokeza, kina tope mpaka kwenye nyusi.

"Bwana Divakara," alisema kwa upole mno, "mimi niko humu ndani mpaka mapajani. Hebu nikumbushe, umesema ulipita wapi?"

"Njia fupi," alisema Divakaran.

"Sijasikia, nina tope sikioni."

"Njia fupi! Langoni kwa Achuthan! Haya, mmefurahi?"

Walifurahi. Walimtoa Lonappan mtaroni wakicheka, na Lonappan akasema hajali tena kama simu itapatikana, yeye ameshapata chake cha kuuza na chai mpaka sikukuu ya Onam.

Kurudi ilikuwa safari ndefu. Divakaran alitangulia, baiskeli mkononi, akipanga maneno. Karibu na kona alisimama. "Omana, ingia wewe ukaulize. Mimi nitakungoja hapa."

"Msuli uliodondosha simu ni wako au wangu?"

"Nani kasema imedondoshwa na msuli? Imechoropoka."

"Ulimshushia?"

"Sikumshushia!"

"Mh," alisema Omana, akatoa simu yake na kupiga kwa mara ya kumi na tisa.

Na kutoka ndani ya lango, barazani kwa Achuthan, ikapaa sauti ya Kalyani, kali na nzima, kama amesimama mlangoni na upawa mkononi: "Divakara! We Divakara! Hiyo simu umeibeba ya nini kama hupokei? Umekula?"

Wakasogea mpaka langoni. Achuthan alikuwa amekaa kwenye kizingiti, fagio lake halijaisha, simu imewekwa juu ya goti lake bovu. Hakuishika. Aliitazama tu, ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Simu ikaendelea kuita, na kwa kuwa hakuna aliyeipokea, mama akaendelea mpaka mwisho, mpaka pale ambapo Divakaran hakuwa amepasikia kwa zaidi ya mwaka, kwa kuwa yeye siku zote aliwahi kupokea kabla hajapafika: "Mwite na Achu. Mwambie chai inapoa."

Ikakatika.

Divakaran akaegemeza baiskeli kwenye nguzo. Dumu likalia kwi. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakawa yamekwenda, na mtu akikosa maneno hushika hasira, ndiyo iliyo karibu.

"Kumbe umekaa nayo!" alifoka. "Tunapiga mchana kutwa, Lonappan mwenzangu kaogelea topeni, na wewe umekaa nayo! Huwezi kupokea? Kubonyeza tu ni kazi?"

Achuthan akainua macho. Yalikuwa mekundu, na hakuyaficha. "Ningepokea angenyamaza."

Hata Lonappan alipata kazi ya kukwangua tope kwenye kiwiko.

"Mwaka mzima nimemtuma mkeo," alisema Achuthan. "Leo nimeitwa chai mara kumi na tisa. Ungechelewa kidogo ningefika ishirini."

"Ungekuja kuomba mwenyewe," alisema Divakaran, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Kwa mtu aliyepanda benchi?"

"Wewe ulikata tawi."

"Lilikuwa linavunja paa."

"Lilikuwa na mafenesi!"

"Matatu niliyaleta kwako. Ulimwambia Omana awape ng'ombe."

Divakaran akamgeukia Omana. Omana akatazama mawingu, ambayo hayakuwapo. Ilikuwa kweli, na yeye alikuwa amekwishaisahau, kama mtu anavyosahau mambo yanayomharibia kesi.

Achuthan akanyanyuka kwa shida, akashuka ngazi, akaja na simu mpaka langoni. Akaonyesha kwa kisu lundo la makumbi ya nazi kando ya njia. "Niliiokota hapo. Juu ya makumbi, haikupata hata mkwaruzo. Ulipokuwa ukinisalimu ilikuponyoka."

Wote wakamtazama Divakaran. Lonappan alitega sikio lile lisilo na tope. Miezi kumi na mitatu ya kuzunguka bwawa, kiapo cha juu ya benchi, na heshima yote ya mwanamume aliyevuka majangwa, vyote vilikuwa vimesimama pale vinangoja jibu.

"Sikukusalimu," alisema Divakaran. "Mimi sikushusha msuli. Ni upepo tu uliufungua."

Achuthan akainua macho kwenye mfenesi wa mama. Jani hata moja halikutikisika. Akamwekea mdogo wake simu kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko ule mara mbili.

"Basi huo upepo nao," alisema, "umelelewa na mama yangu."