Mkalimani wa Rodrigue

Rodrigue Thériault alikuja Guadalajara, Meksiko, kutoka Moncton, Kanada, kutengeneza kinanda cha kanisa letu, kile kikubwa chenye mabomba hadi darini, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikikohoa badala ya kuimba. Alipanga chumba kwa Bi Eulalia Bermejo, mjane aliyejifunza Kiingereza akisafisha hoteli za Chicago nusu ya maisha yake. Kihispania cha Rodrigue kilikuwa cha kazini tu: bomba, upepo, mbao, gundi. Kazi ilitakiwa iishe kabla ya Pasaka, lakini mchwa walikuwa wamekula zaidi ya ilivyodhaniwa. Akabaki, na vidonge vyake vya kujikinga na VVU vikamwishia.

Baada ya muda, mkojo ukaanza kumchoma.

Akaenda duka la dawa karibu na soko, akatumia maneno aliyokuwa nayo. "Bomba langu dogo," alimwambia muuzaji. "Upepo ukitoka, moto!"

Muuzaji akampa dawa ya gesi tumboni.

Bi Eulalia aliikuta dawa ile mezani jikoni. Akamtazama mpangaji wake anavyotembea.

"Wewe huna gesi. Unaumwa nini?"

"Figo, nadhani."

"Figo haimtii mtu haya usoni. Vaa viatu twende."

Rodrigue aliogopa kweli. Aliyempa kazi ni padri, na sebule ya Bi Eulalia ilijaa picha za watakatifu. Kwao Moncton alikuwa na daktari wake wa siku zote, hakuhitaji kueleza chochote. Hapa kila neno lingepitia kinywani mwa mwenye nyumba wake.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Daktari Yadira Cifuentes, mwanamke mchangamfu, aliwakaribisha, akasikiliza habari ya mkojo unaochoma, kisha akauliza, "Hivi karibuni umelala na wanawake, wanaume, au wote?"

Bi Eulalia akatafsiri bila kupepesa macho.

"Wanawake," Rodrigue akanong'ona.

Bi Eulalia hakulitafsiri hilo. "Mwanangu, huyo Anselmo anayekuja na pikipiki kila Jumapili, unadhani nafikiri anakuja kuniamkia mimi?"

Rodrigue akaiva uso hadi masikioni. "Ulijua?"

"Kuta zangu nyembamba. Mimi hata usingizi wa mchana sipati."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Bado anajikusanya."

Daktari akamwelekea Rodrigue, akasema taratibu, kwa ishara pia, "Ukitaka, mama atatoka nje. Ni haki yako. Na siulizi kwa umbea. Ugonjwa wa zinaa unaweza kujificha kooni au kwenye njia ya haja kubwa bila kuuma hata kidogo. Ukinificha, nitapima mkojo tu."

Bi Eulalia akatafsiri yote, hata lile la yeye kutoka. Tayari alikuwa ameshika mkoba wake.

"Kaa, mama," Rodrigue akasema. Kisha akamgeukia daktari na kusema mwenyewe kwa Kihispania, "Wanaume. Mimi, wanaume."

"Haya, sasa tunaelewana," daktari akasema, akavaa glavu.

Wakati wa vipimo Bi Eulalia alisimama nyuma ya pazia, akitafsiri kwa sauti ya kuitia watu mlo. "Fungua mdomo! Haya, sasa geuka! Anasema legea!"

"Nimeelewa, mama!"

"Na upumue!"

Ilikuwa kisonono. VVU hakuwa navyo. Akachomwa sindano, akaandikiwa tena vidonge vyake vya kinga, akaambiwa akae wiki nzima bila tendo, na mwenzake aje kupimwa. Rodrigue akampigia Anselmo simu palepale ukumbini, kwa Kiingereza chepesi walichozoea kuelewana. "Nina habari mbaya na anwani nzuri," akasema.

Anselmo alifika na unga wa kiwanda cha mikate kwenye nywele. Rodrigue alijiandaa kwa ugomvi. Anselmo akakuna shingo.

"Kumbe! Mimi nilidhani ni pilipili."

Rodrigue akacheka hadi akainama, akakumbuka maumivu, akacheka tena. Anselmo akaingia kwa daktari akitabasamu, naye akapata sindano yake.

Walipokuwa wakiondoka, Bi Eulalia alisimama mezani pa mapokezi, penye bakuli la kondomu za bure. Akachota kiganja kizima, akatia mkobani. Akaongeza kingine.

"Mama, mbona nyingi?" Rodrigue akamwambia. "Sisi tumeambiwa wiki nzima tutulie."

"Na nani amesema ni zenu?" Akafunga mkoba, akatangulia kushuka ngazi, akiwaacha wale wawili wametazamana midomo wazi.